Kiti Kilichojua Kabla Yangu

Siku mke wangu alipoondoka, nilikuwa nimepindua kochi la watu miguu juu, nimelichana tumbo, natoa springi zilizochoka. Simu iliita mfukoni nikaiacha, kwa sababu mikono ilikuwa na gundi. Ikaita tena. Jirani yangu wa karakana, fundi baiskeli tunayemwita Breki kwa kuwa mdomo wake hauna, akapaza sauti kutoka kibandani kwake.

"Pokea bwana! Au kuna mtu unamkwepa?"

Nikaipokea kwa kidole kidogo. Alikuwa mwenye duka la vitambaa alikokuwa akifanya kazi mke wangu. Hakusalimu. Alisema, "Fundi, njoo dukani." Halafu akasema, "Hapana, usije dukani. Njoo hospitali."

Nilipita dukani hata hivyo, kwa kuwa liko njiani na miguu yangu haikuwa imesikia sehemu ya pili. Kwenye meza ndefu ya kukatia palikuwa pametandazwa kitambaa cha pazia, rangi ya majivu, kimekatwa mpaka katikati. Mkasi ulikuwa bado umo ndani ya kitambaa, umefumba mdomo pale alipoishia. Ulikuwa mkasi wake mwenyewe, ambao mpini wake niliufunga sponji na ngozi laini kwa mikono yangu, kwa sababu aliniambia vidole vinamfa ganzi kwa kukata siku nzima. Mwenye pazia lile alikuwa ameketi kwenye stuli analia. Sikumjua ni nani.

Hospitali walisema ghafla. Moyo umesimama ghafla. Shemeji yangu, dada mkubwa wa mke wangu, alikuwa amekwishafika, na ndiye aliyezungumza na daktari ndani, mlango umefungwa, wakati mimi nimekaa kwenye benchi na gundi inanikaukia vidoleni. Alipotoka alinishika mabega.

"Shem, ni ghafla," alisema. "Hakuna aliyejua."

Nikalishika neno hilo. Msiba mzima kila aliyenipa mkono nilimwambia ni ghafla, naye akalirudia, ghafla, akakaa chini. Lilinisaidia. Jambo likiwa la ghafla, hakuna aliyekuwa na muda wa kulizuia, na hakuna aliyelificha.

Hatukujaliwa watoto. Nyumba ilikuwa ya watu wawili na redio.

Nilirudi kazini mapema kuliko watu walivyotaka, lakini nilikuwa nafanya vituko. Kuna kochi moja nililivalisha kitambaa upande wa ndani nje. Breki alikuja akalizunguka mikono mgongoni kama mkaguzi.

"Fundi, hili limevaa haraka haraka likichelewa kazini, au ndiyo mtindo mpya?"

Alipouona uso wangu akanyamaza. Breki kunyamaza si jambo dogo. Alikaa nami tukachomoa misumari yote, mmoja mmoja, bila kusema kitu mpaka tulipomaliza.

Shemeji alikuwa akija kila Jumapili kuniangalia. Ni msusi, ana saluni yake ndogo, na amezoea kushika vichwa vya watu akavigeuza anavyotaka. Jumapili moja akasema, "Shem, huli, hulali, nyumba imenuka upweke. Kuna mama mmoja mshauri, yuko juu ya zahanati, ghorofa ya mwisho. Anasikiliza watu waliofiwa. Nenda."

"Akanisikilize nini? Mimi sina la kusema."

"Basi nenda ukanyamaze huko. Angalau utakuwa umenyamaza mbele ya mtu."

Alisisitiza kwelikweli. Alinipigia simu asubuhi ya siku ya miadi, na jioni akanipigia tena kuuliza kama nimekwenda. Nilidhani ni mapenzi tu ya ndugu. Sikujiuliza alimjuaje yule mama.

Breki alipopata habari, alicheka mpaka akaweka spana chini. "Yaani unapanda ngazi zote zile ukakae na mtu mzima, umweleze mambo yako, halafu yeye hasemi kitu? Huyo si mshauri, huyo ni ukuta. Njoo uniambie mimi, nitakujibu mpaka uchoke."

"Ndiyo maana siji kwako."

"Sawa. Lakini ukuta ukianza kukujibu, rudi haraka."

Chumba cha mshauri kilikuwa kidogo, kina dirisha moja linalotazama paa la mabati. Hakukuwa na meza kati yake na mimi. Viti vyetu havikutazamana moja kwa moja, vilikaa mshazari kidogo, ili mtu akitaka kumtazama amtazame na asipotaka atazame dirisha. Saa ya ukutani ilikuwa nyuma ya kichwa changu, mahali anapoiona yeye bila mimi kumwona akiitazama. Boksi la tishu lilikuwa karibu na mkono wangu. Siku nilipolia hakunisukumia. Nilipomwuliza baadaye, alisema ukimpa mtu tishu haraka ni kama kumwambia inatosha, funga.

Alikuwa mama wa makamo, mwenye miwani na viatu visivyo na sauti. Aliniuliza aniiteje, nikasema watu wananiita Fundi, naye akaniita hivyo tangu siku hiyo.

"Fundi, hapa hakuna haraka," alisema. "Utasema unachotaka. Ukichoka utanyamaza, na mimi nitanyamaza nawe. Sitakupa ushauri."

"Sasa mbona mnaitwa washauri?"

Alicheka. "Waliotupa jina hilo hawakutuuliza." Kisha akawa makini. "Utakayosema humu ni yako. Sitamwambia ndugu wala rafiki. Hata akija mtu kuuliza kama umewahi kufika hapa, sitamjibu ndiyo wala hapana."

"Hata nikifa?" Nilisema hivyo kwa mzaha, mzaha wa mtu asiyejua mikono yake aiweke wapi.

"Hata ukifa," alisema, na hapo hakucheka.

Nililipenda jibu hilo. Nilitelemka ngazi siku hiyo nikiwa mwepesi kidogo, nikijua kuna mahali ambapo neno likiingia halitoki.

Kulikuwa na kiti cha tatu chumbani, kimeegemezwa ukutani. Kilikuwa cha mbao, kitambaa cha kahawia kimechakaa mbele, na kilikuwa kimelalia upande wa kushoto. Nilijua bila kukigeuza kwamba mkanda mmoja chini yake umekatika. Nilimwambia mshauri naweza kukichukua nikakitengeneza, nikakirudisha baada ya siku mbili.

"Kiache kwanza," alisema. "Kuna watu wanakitumia."

Nilikwenda kila Alhamisi. Mwanzoni nilizungumza habari za kazi, makochi na watu wanaotaka kitambaa cha kifahari juu ya mbao zilizooza. Alinisikiliza kana kwamba hizo ndizo habari alizokuwa akizingoja. Hakuniharakisha kufika kwa mke wangu. Akirudisha maneno yangu aliyarudisha kidogo tu. Nikisema, "Nyumba imekuwa kubwa," naye atasema, "Kubwa," halafu anangoja. Mtu akikungojea hivyo, unajikuta umeingia ndani ya neno lako mwenyewe kutafuta ulichokiacha humo.

Siku nilipofika kwa mke wangu, nilimweleza juu ya mkasi. Nilimweleza jinsi jioni alivyokuwa akikaa mbele ya redio akichezesha vidole kwa sababu vimekufa ganzi, na jinsi nilivyochukua mkasi wake alipolala nikaupima mpini, nikatafuta sponji ngumu ambayo haibonyei ovyo, nikaishonea ngozi. Asubuhi aliukuta mezani, akaushika, akaufungua na kuufumba hewani, na machozi yakamtoka. Mimi nikamtania, "Mkasi tu huo, ningekununulia cherehani ingekuwaje?"

Mshauri, ambaye kila mara hunitazama nikisema, siku hiyo alitazama mikono yake. Kisha aliinuka akafunga dirisha, na hapakuwa na upepo. Aliporudi kukaa, sauti yake ilikuwa imekauka. Nilidhani habari yangu imemgusa. Nilijisikia vizuri, kusema kweli, kwamba kuna mtu mwingine aliyeguswa na mkasi wa mke wangu.

Kuna swali moja lililokuwa likinila, na nililisema humo ndani kila Alhamisi, kwa namna hii na ile. Nilitaka kujua kama mke wangu alikuwa anaumwa na mimi sikuona. Moyo wa mtu husimama tu hivi hivi, bila kumwambia mwenyewe kitu siku za nyuma? Nililala naye kitanda kimoja, kikombe chake nilikijua. Nilikuwa natazama nini?

Alhamisi moja mshauri alikivuta kile kiti cha tatu akakiweka mbele yangu.

"Baadhi ya watu huona inasaidia," alisema. "Mtu unayetaka kuzungumza naye, mweke hapo. Si lazima. Ukiona ni upuuzi, tutakirudisha ukutani."

Niliona ni upuuzi. Halafu nikakitazama kile kiti kilivyolala upande, na mke wangu naye alikuwa na tabia ya kukaa hivyo, ameegemea kushoto, mguu mmoja ameukunja. Nikaanza kusema. Nilimwita kwa jina ambalo siliandiki hapa. Nikamwuliza, "Ulikuwa unaumwa? Ulikuwa unasikia maumivu ukanyamaza, au na wewe hukujua? Niambie tu. Sitagomba. Kama mimi ndiye niliyekuwa sioni, niambie."

Kiti hakikusema kitu. Mshauri alisubiri, kisha akauliza taratibu, "Unadhani angekujibu nini?"

Nililia kilio ambacho sikulia msibani. Pumzi ilinikata, nikawa navuta hewa haifiki. Mshauri alisogea karibu akasema, "Fundi, nitazame. Fanya kama mimi. Hili hutalikuta kwenye vitabu, nimelibuni mwenyewe." Akainua mkono wa kulia. Akaanzia kidole kidogo, akakigusa kwa kidole gumba huku akitoa pumzi. Akaenda cha pete, akatoa pumzi. Cha kati. Cha shahada. Akarudi kwa njia ileile mpaka kidole kidogo. Mwishowe akakunja ngumi juu ya kidole gumba, akailaza ndani ya kiganja cha kushoto, polepole, kama mtu anayeweka yai.

Nilimfuata. Pumzi ilirudi. Na nilipoilaza ngumi yangu ndani ya kiganja, nikaona kwamba ule haukuwa mkono wangu. Ulikuwa mkono wa mke wangu mbele ya redio, jioni, taa haijawashwa. Alianzia kidole kidogo, akaenda na kurudi. Na ngumi akailaza vilevile.

"Nani mwingine unamfundisha hivi?" nikauliza.

"Wengi wanaokuja hapa."

"Hapa tu?"

"Hapa tu."

"Mke wangu alikuwa akifanya hivi. Nimekueleza. Nilikwambia anachezesha vidole vya ganzi."

Alivua miwani, akaivaa tena.

"Alikuwa anakuja hapa?"

"Fundi, siwezi kukwambia nani amewahi kufika hapa na nani hajawahi."

"Sijakuuliza habari za watu. Nakuuliza mke wangu."

"Najua."

"Alikaa wapi? Hapa nilipokaa? Alikuwa anasema nini?"

"Siwezi."

Nikamtazama usoni, na nikakumbuka mzaha wangu wa siku ya kwanza. "Hata akifa?"

"Hata akifa," alisema.

Nilitoka bila kuaga. Ngazi sizikumbuki.

Nilikwenda moja kwa moja saluni kwa shemeji. Mke wangu alikuwa na nusu siku ya mapumziko kila Jumatano, na miaka yote aliitumia kwa dada yake. Hivyo ndivyo nilivyojua mimi. Shemeji alikuwa anamsuka mama mmoja, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama wima. Aliponiona akacheka.

"Karibu, Shem! Nani kakunyoa hivyo, ulikuwa umemkosea nini?"

"Jumatano," nikasema. "Alikuwa anakuja kwako?"

Mikono yake ilisimama ndani ya nywele. Yule mama aliyekuwa akisukwa akasema, "Kama kuna mambo ya ndugu, mimi sisikii, draya inapiga kelele." Draya ilikuwa imezimwa.

"Nani amekwambia?" shemeji akauliza. Uso wake, sitausahau, ulikuwa uso wa mtu aliyetua mzigo. "Yule mama amekwambia? Mungu wangu, hatimaye amekwambia."

"Hajaniambia kitu. Wewe ndiye unayeniambia sasa hivi."

Akakaa chini kwenye kiti cha wateja, mkia wa nywele bandia bado uko mkononi. Akasema yote hapo hapo, mbele ya yule mama mwenye kichwa nusu. Moyo wa mke wangu ulikuwa umetanuka. Daktari alimwambia kabla ya mvua za mwaka uliotangulia. Dawa alikuwa anakunywa, akizihifadhi pale saluni, kwenye droo ya vitana, ili nisizione. Mwenye duka alijua, kwa sababu kuna siku aliwahi kuanguka pale. Shemeji alijua. Daktari alijua. Mshauri alijua.

"Na mimi?"

"Alisema ukijua utamfanya mgonjwa. Utamkataza mkasi, utamkataza ngazi, utamweka ndani umbebe kama yai. Alitaka akae na wewe kama mnavyokaa. Akaniapisha, Shem. Alinishikisha kichwa cha mama yetu akaniapisha."

"Mwaka mzima?"

"Alitaka kukwambia mwenyewe! Kila akifungua mdomo anauona uso wako, anafunga. Ndiyo nikampeleka kwa yule mama, ajifunze namna ya kukwambia. Alikuwa anafanya mazoezi kule, anakuweka kwenye kiti, anakwambia."

"Ananiweka kwenye kiti."

"Ndivyo alivyoniambia. Kuna kiti."

Nilishika ukingo wa sinki. "Kwa nini ulinipeleka kulekule?"

"Kwa sababu mimi nimeapa, na yule mama hakuapa!"

"Yeye ndiye aliyeapa kuliko wewe, Shem."

"Mimi ningejuaje? Ana elimu ya mambo hayo, nikajua atajua namna ya kukueleza taratibu, kidogo kidogo. Kila Jumapili nilikuwa nakuangalia usoni. Nasema, leo ameambiwa. Leo lazima ameambiwa. Halafu unaniambia chai iko kwenye chupa."

"Nimewaambia watu ghafla msiba mzima," nikasema. "Na wewe ulikuwa umekaa pembeni unanisikia."

"Nilikuwa nakusikia."

Yule mama mwenye kichwa nusu alikuwa analia. Nilimwomba radhi kwa kumchelewesha, nikaondoka.

Usiku ule, na hata usiku mwingine baadaye, sikuwaza sana juu ya kifo. Niliwaza juu ya sponji. Aliniacha nitafute sponji ngumu, nishone ngozi, nichomwe na sindano, kwa ajili ya ganzi ambayo haikuwepo. Na asubuhi ile alipolia, mimi nikajua analia kwa furaha. Alikuwa na nafasi hapo. Mkasi mkononi, mimi nimesimama mbele yake, nacheka. Angesema tu.

Nilirudi kwa mshauri mara moja. Alikuwa ananingoja, nadhani, kwa sababu kiti cha tatu kilikuwa kimerudishwa ukutani na kimegeuzwa mgongo.

Sikukaa. "Niliongea na kiti kile," nikamwambia. "Nilikiuliza kama alikuwa anaumwa. Wewe ulikuwa unalijua jibu, ukaniuliza nadhani angejibu nini."

Alikitazama kile kiti, kisha akanitazama mimi.

"Kuna jambo naweza kukwambia kwa sababu ni langu," alisema. "Kuna siku, ukiwa unaeleza habari fulani, niligundua kwamba mimi sifai kuwa mshauri wako. Nilipaswa kukwambia siku ileile, bila kukupa sababu, nikakuelekeza kwa mwenzangu. Sisi nasi tuna mtu tunayekwenda kukaa mbele yake tukasema yanayotushinda. Nilikwenda kwake, na akaniambia hivyo hivyo, mwachie mwingine. Nikawa naahirisha. Nilijiambia umeanza kusema, nikikuhamisha utafunga mdomo tena. Hilo ni kosa langu, Fundi, na lilikuumiza. Nisamehe."

"Na mengine?"

"Mengine si yangu."

"Neno moja tu. Sitaki habari yote. Niambie kama alikuwa anaogopa."

Alivua miwani. Macho yake yalikuwa mekundu. "Hapana," alisema, na nilielewa kwamba hakuwa amenijibu.

Nilikwenda ukutani nikakigeuza kile kiti. Nilipitisha mkono chini, nikaukuta ule mkanda uliokatika, unaning'inia. Kiti kile kilikuwa mimi kabla ya kuwa yeye. Humo mke wangu aliniweka Jumatano baada ya Jumatano, akaniambia, akarudia, akajaribu namna hii na namna ile. Labda kuna siku alisema vizuri kabisa. Labda mshauri alimwambia, sasa uko tayari, naye akaja mpaka nyumbani na maneno yamekaa sawa mdomoni, akanikuta nimerudi nimechoka, nimevua viatu, nalalamika juu ya mteja. Akaniambia chai iko kwenye chupa.

Kila kitu alichotaka kuniambia kimesemwa. Kimesikiwa na kiti chenye mkanda uliokatika na mwanamke mwenye viatu visivyo na sauti. Mimi peke yangu ndiye sikuwepo.

Nimefikiri sana tangu siku ile. Najua kama mshauri angenifungulia mdomo, nisingemwamini tena kwa yangu. Najua kwamba alilinda neno la mke wangu kama alivyoahidi kulilinda langu, na kwamba nililipenda jibu lile nilipokuwa sijui ni la nani. Najua hayo yote. Kuyajua hakunipunguzii kitu. Mtu anaweza kufungiwa mlango kwa haki, na akabaki nje vilevile.

Aliniandalia jina la mwenzake ambaye angenipokea. Nilimwambia nitatafuta mwenyewe.

Breki nilimwambia mimi. Alikuwa amepindua baiskeli ya mtoto wa shule, anatoa mnyororo. Nikamwambia, "Haikuwa ghafla." Akauliza, "Nini?" Nikamweleza yote, nimesimama. Nilitegemea mzaha. Alijifuta mikono, akanisogezea stuli, akasema, "Kaa." Kisha akasema, "Lile kochi la mteja wako mwalimu nitakusaidia kulibeba kesho." Hatujalizungumza tena.

Mwenye duka la vitambaa aliniletea mkasi. Aliufunga kwenye gazeti, hakunitazama machoni, na mimi sikumwuliza aliuondoaje kwenye lile pazia. Nilikata nyuzi moja moja, nikaitoa ngozi, nikaitoa sponji. Ilikuwa imeshika umbo la vidole vyake. Nimeitia kwenye boksi la mabaki pamoja na sponji nyingine, na mkasi nautumia karakana. Unakata vizuri.

Nimepata mshauri mwingine, mwanamume, ofisi yake iko nyuma ya posta. Kabla ya kukaa nilihesabu viti, na vilikuwa viwili. Nakwenda kwake kila Jumatatu baada ya kufunga karakana. Shemeji hunipigia Jumapili kuuliza kama bado naenda kuzungumza na mtu, nami humjibu kwamba ndiyo, naenda. Hajui ni wapi.